Wasomaji Wanauliza: Hela ya Chakula cha Morogoro Inalala Wapi?

Toleo lililopita tuliandika kwamba mkoa kama Morogoro, wenye milima ya Uluguru, bonde la Kilombero na mito inayonywesha mpaka Dar, unaweza kujenga uchumi wa kijani, yaani hela izunguke hapa hapa bila kuharibu ardhi na maji, kwa kuanzia kwenye chakula chake wenyewe bila kusubiri mwekezaji ashuke na ndege. Meseji na barua zimekuja nyingi, zingine za kushukuru, zingine za hasira kabisa, na hizo za hasira ndo nimezipa nafasi zaidi kwa sababu zimegusa penyewe. Majina nimeyaacha, nimeweka mnakotoka tu.

Mkulima wa nyanya, Mlali: Mhariri shikamoo. Mi nalima nyanya, nauzia shambani, tenga zikijaa Fuso linaondoka, hela napata siku hiyo hiyo. Sasa huo uchumi wa kijani unanihusu nini mimi? Naona ni maneno ya semina tu, watu wanakunywa soda wanaondoka.

Marahaba ndugu yangu. Ebu tuliache hilo neno kwanza tufate hela yako. Msimu ukianza unaingia duka la pembejeo unanunua mbegu ya chotara, kipakti kidogo bei kubwa, na mara nyingi kimetoka nje ya nchi. Unanunua mbolea, na ukiacha ya Minjingu na kile kiwanda cha Dodoma, sehemu kubwa inashuka na meli, ndo maana vita ya Ukraine ilipoanza 2022 wewe wa Mlali ambae huna ugomvi na Mrusi wala Muukraine ulijikuta mfuko wa DAP umepita laki na thelathini, hadi serikali ilipoweka ruzuku ukashuka elfu sabini. Alafu kuna kantangaze. Tangu huyo mdudu aingie nchini 2014 watu wanapuliza dawa juu ya dawa, wanachanganya mbili tatu kwenye bomba moja, na hiyo dawa nayo inatoka nje. Nyanya zikiiva zinaondoka bichi zinaenda soko la Ilala, Dar, bei inapangwa huko, wewe unapigiwa simu unaambiwa leo soko limelala. Mwezi unaofuata ukiingia dukani hapo hapo kijijini unakuta nyanya ya pakti na ya kopo, imetengenezwa mbali na mkoa wako, unainunua.

Sasa kaa chini ujiulize, katika hela yote iliyoingia Mlali kwa sababu ya nyanya, kiasi gani kililala Mlali hata wiki moja? Kiasi gani kilimlipa mama wa jirani anaeuza samadi, au fundi anaetengeneza kreti, au kijana anaekausha au kusaga nyanya zilizobaki? Hapo ndo napopasemea mimi. Mkoa unaweza kulima sana na bado ukabaki maskini kama kila shilingi inapita tu, inaingia asubuhi jioni iko njiani inatoka.

Na ukijani unaingia kwenye maji. Maji mengi wanayokunywa watu wa Dar yanatoka mto Ruvu, na vyanzo vya Ruvu viko milimani kwenu Uluguru. Oktoba 2022 Ruvu ulipopungua, Dar iliingia kwenye mgao, watu walinunua dumu kwa bei ya kuumiza. Wewe ukilima mtelemko bila kizuizi, udongo wako mzuri ndo huo unaoshuka mtoni, unakosa wewe na bomba la Dar linakosa. Kwahiyo shamba linaloshika udongo na maji ni mtaji wa mkoa mzima, na sio siri kwamba mji unaofaidika ungetakiwa uchangie gharama. Hilo limeshawahi kujaribiwa, soma jibu linalofuata.

Msomaji wa Mgeta: Babu zetu walilazimishwa na Mwingereza kuchimba ngazi za kuzuia udongo kwenye milima hii, wakagoma, watu wakaumia. Leo na nyie mnakuja na mambo yale yale kwa jina jipya. Kwanini tuwaamini?

Swali zuri sana hili na nashukuru umelileta, vijana wengi wa mkoa huu hawajui historia hiyo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, watu wakalazimishwa kuchimba ngazi mashambani, ukikataa unapigwa faini. Udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa, wa chini usio na nguvu ukawa juu, mavuno yakashuka, na kazi yenyewe ilikuwa inakula siku ambazo mtu angelima chakula chake. 1955 Waluguru wakakataa waziwazi, kukatokea vurugu kule Matombo, na mpango ukafa. Kwa hiyo mababu zenu hawakuwa wanakataa kuhifadhi mlima. Walikataa kufanyishwa kazi ngumu isiyowaletea kitu mezani, na mimi nasema walikuwa sahihi.

Linganisha na kilichofanyika baadae. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi Kibungo Juu, upande wa pili wa milima hiyo hiyo, ambapo mkulima anaeweka ngazi, anaepanda miti na nyasi za kushika udongo analipwa, na walioombwa watoe hela ni watumiaji wa maji wa huko chini, DAWASCO waliokuwa wanasambaza maji Dar na kampuni ya Coca-Cola. Watu walichimba ngazi kwa hiari, mlima ule ule. Tofauti ni kwamba walipewa haki yao na waliruhusiwa kuchagua njia inayofaa kwenye shamba lao. Kasoro ya mpango wa namna hiyo ni kwamba ukiwa mradi una mwisho, na mlima hauna mwisho. Mi nadhani malipo kama hayo yangetakiwa yawe ndani ya bili ya maji ya kawaida, kidogo kidogo kila mwezi, yasisubiri mfadhili.

Na nyie Mgeta mna jambo lenu wenyewe ambalo mikoa mingine ingekuja kujifunza. Wale mbuzi wa maziwa wa Norway walioletwa kwenu mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) wamebaki, wamezaliana, familia zinakunywa maziwa na samadi inaenda moja kwa moja kwenye kabichi, karoti na njegere. Majani ya kingo za ngazi anakula mbuzi, mbuzi anarudisha kwenye ngazi. Hapo ngazi ina faida inayoonekana, hakuna haja ya askari.

Mkulima wa Gairo: Sisi tunaumizwa na lumbesa. Gunia linashonewa kofia juu, linakuwa kama limebeba gunia lingine, bei ile ile. Sheria si ipo? Na hawa madalali serikali ingewafukuza tu.

Sheria ipo, sheria ya vipimo, na Wakala wa Vipimo wanatangaza kila mwaka kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa inaendelea kwa sababu moja, mkulima anauza peke yake, barabarani, mzigo umeshavunwa, jua linawaka na Fuso lina injini inayounguruma. Hata ukiwa unaijua sheria kwa moyo, saa hiyo huna nguvu ya kuisema. Mahali lumbesa inapungua ni pale wanakijiji walipokuwa na sehemu moja ya kukusanyia mzigo, ina paa, ina mzani, na hakuna gunia linalotoka bila kupimwa, na halmashauri inakusanya ushuru wake hapo hapo kwa hiyo nayo ina sababu ya kuilinda. Kituo cha namna hiyo hakihitaji mabilioni. Mzani, paa la bati, daftari, na makubaliano kwamba anaeuza pembeni anaharibia wenzie.

Kuhusu madalali sikubaliani na wewe asilimia mia. Dalali ana vitu vitatu ambavyo wewe huna, namba za simu za wanunuzi wa Ilala na Mabibo, hela ya kukukopesha mtoto akiugua kabla ya mavuno, na taarifa ya bei ya leo. Ukimfukuza kabla hujavipata hivyo vitu, mzigo utaoza. Anza na taarifa, kikundi kiwe na mtu wake mmoja sokoni anaepiga simu asubuhi. Alafu saccos ya kijiji ichukue nafasi ya ule mkopo wa shida. Dalali atakaebaki hapo atakuwa anafanya kazi ya usafirishaji na atalipwa kwa kazi hiyo, ni sawa kabisa.

Mama mwenye genge, Kihonda: Wateja wangu wa siku hizi wanauliza mboga zisizo na dawa. Mi ntajuaje? Muuzaji yeyote akija asubuhi na toroli anaapa kwamba hajapuliza. Na nimesikia hicho cheti cha ogani ni mamilioni.

Dada yangu, cheti ulichosikia ni cha mazao ya kwenda Ulaya, kampuni inatuma mkaguzi na unamlipa. Kwa soko la ndani kuna njia nyingine, wenyewe wanaiita PGS. Wakulima wako kwenye vikundi, wanakubaliana masharti, kisha wanakaguana wenyewe shamba kwa shamba, na majirani, wateja na wataalam wanaweza kuingia kwenye ukaguzi huo. Mmoja akidanganya kikundi kizima kinapoteza, kwa hiyo jirani anakuwa macho kuliko mkaguzi anaekuja mara moja na gari. Nchini kwetu shughuli hii inaratibiwa na TOAM, shirika la kilimo hai Tanzania, na mazao yanayopita yanaruhusiwa kubeba alama ya Kilimohai, ambayo inatokana na viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa 2007. Maana yake alama hiyo hiyo Kenya na Uganda wanaijua.

Na wewe uko Morogoro, hii biashara iko mlangoni kwako. Shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lile watu wanaita SAT, lilianza hapo hapo 2011, mmoja wa waanzilishi ni Janet Maro, na lina kituo cha mafunzo Vianzi ambacho wakulima wanajifunza kutengeneza mboji, kupanda mchanganyiko, kutumia mwarobaini na pilipili badala ya kukimbilia dukani. Vikundi vingi vya Uluguru vilipita hapo. Ushauri wangu usinunue kwa mtu mmoja mmoja wa toroli. Tafuta kikundi kimoja, nenda kaone shamba siku ya ukaguzi, kubaliana nao siku mbili za wiki za kukuletea, na bei moja ya msimu mzima hata kama sokoni inapanda na kushuka. Bei hiyo ya kudumu ndo itakayowafanya wasikuache. Alafu kwenye genge andika kijiji mboga zilikotoka. Mteja akiona jina la Mgeta au Kinole anauliza, mkiongea anarudi.

Neno moja zaidi kwa wateja wenyewe wanaosoma hapa. Msitake mboga isiyo na tundu hata moja na wakati huo huo isiwe na dawa. Mchicha wenye jani lililoliwa kidogo na mdudu ni mzima.

Msomaji wa Turiani: Je naruhusiwa kuuza mbegu zangu za asili? Jirani aliniambia ntafungwa.

Kubadilishana na kupeana nyumbani ni jambo moja, kufungasha na kuuza ni jambo jingine. Sheria ya Mbegu ya 2003 inataka mbegu ya kuuzwa iwe imesajiliwa na kukaguliwa, ila kuna mlango mdogo, mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zile QDS. Mkulima au kikundi kinasajiliwa, shamba linakaguliwa, na mbegu inauzwa eneo la karibu. Nenda kwa afisa kilimo wa kata kabla hujaanza, na TOSCI, wale wanaokagua na kuthibitisha mbegu, makao yao makuu yako Morogoro mjini, huna safari ndefu. Ukitaka mbegu za mnafu, mgagani na mlenda, World Vegetable Center ya kule Arusha wamekusanya na kuboresha nyingi.

Kwa maoni yangu mlango huo ni mwembamba mno kwa mbegu za asili, kwa sababu masharti yalipangwa kwa aina zenye sura moja, na mbegu ya bibi kila punje ina tabia yake, ndo nguvu yake yenyewe kwenye mwaka wa ukame.

Mwalimu, Kilosa: Shule yetu ina wanafunzi wengi, wazazi wanachangia mahindi na maharage, wakati wa njaa wanashindwa na watoto wanashinda bila kula. Wakati huo huo kijiji cha pili mahindi yanauzwa bei ya kutupa. Tufanyeje?

Mwalimu, hapa ndo ningependa nguvu za mkoa wote ziende. Mi naamini hakuna soko la uhakika kuliko tumbo la mtoto wa shule, linafungua kila siku ya masomo, halihami, halina msimu. Tangu 2021 kuna mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe mashuleni, unawapa wazazi na kamati ya shule jukumu la kuchangia, lakini mchango wa mwezi kwa mwezi ndo unaovunjika, kwa sababu mwezi wa pili hadi wa nne mzazi nae hana kitu ghalani.

Jaribuni kuhama kwenye mwezi mkaenda kwenye mavuno. Mwezi wa saba mwezi wa nane mahindi yakiwa chini, kila mzazi anatoa sehemu yake ya mwaka mzima kwa mara moja, na kamati inanunua kilichopungua kwenye kikundi cha wakulima wa kijiji cha jirani kwa mkataba ulioandikwa tangu kabla ya kupanda. Mkulima akijua shule itachukua gunia kadhaa kwa bei fulani, halazimiki kuuza yote shambani siku anayodaiwa. Mahindi yakauke vizuri, yaingie kwenye mifuko ile ya PICS isiyopitisha hewa ambayo wengi wanaita kinga njaa, hayahitaji dawa ya unga. Maharage na mbaazi hivyo hivyo. Bustani ya shule itoe mboga za majani, ila tafadhali isiwe adhabu ya wachelewaji, mtoto akilima kwa adhabu atachukia kilimo maisha yake yote.

Brazil walienda mbali zaidi, sheria yao ya 2009 ilisema angalau asilimia 30 ya hela ya serikali kuu ya chakula cha shule inunue kwa wakulima wadogo wa familia, wa karibu wakipewa kipaumbele. Sisi hatujafika huko, ila tayari kanuni zetu za manunuzi ya umma zinatenga asilimia 30 kwa makundi maalum, yaani wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama wanaosaga unga kikisajiliwa na kuingia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kinaweza kuomba tenda ya kulisha shule ya bweni au hospitali ya wilaya. Tatizo vikundi vingi hata hawajui kwamba nafasi hiyo ipo, na maafisa manunuzi wengine hawaisemi. Mwalimu, wewe unaejua kujaza fomu za mtandaoni wasaidie.

Na jiko nalo ulitazame. Agizo la serikali lilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na mkakati wa taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Shule nyingi za kijijini gesi hawaiwezi. Ila kama mna ng'ombe au nguruwe jirani, biogesi inawezekana, na kama mko karibu na mashine za mpunga, mkaa wa pumba uliogandamizwa unawaka vizuri. Hapo tena hela ya nishati inabaki wilayani.

Mfugaji, Kilosa: Safu yenu yote ni wakulima wakulima. Sisi wafugaji wa mkoa huu tunaonekana maadui, damu imemwagika huku mnajua. Kwenye huo uchumi wenu tuna nafasi?

Mnayo, na bila nyie hautasimama. Damu iliyomwagika Kilosa na Mvomero hakuna wa kuifanya ndogo, na migogoro ya mipaka inahitaji serikali itende haki, sio makala. Ila kuna jambo limefanyika hapo hapo mkoani na linastahili kujulikana. SAT waliwakutanisha wakulima na wafugaji wa vijiji jirani, wakapigiana hesabu. Mkulima baada ya kuvuna ana mabua na majani ya maharage anayachoma moto. Mfugaji mwezi wa tisa na wa kumi anahangaika na malisho na ana boma limejaa samadi inayomzidi. Wakaanza kuuziana. Majani yanakatwa, yanafungwa marobota, yanauzwa bomani, samadi inakuja shambani. Ng'ombe akila bomani msimu wa kiangazi hana sababu ya kuingia kwenye mahindi ya mtu, na mkulima anaengoja samadi yako hakuangalii kwa jicho lile la zamani.

Angalia hapo hela imeenda wapi. Ile iliyokuwa inunue mbolea ya meli imeingia mfukoni kwako wewe mfugaji, na wewe umeinunulia malisho kwa mkulima yule yule, na maziwa yako sasa yapo hata kiangazi maana ng'ombe ameshiba. Hiki ndo kitu nilichokuwa namwambia ndugu yetu wa Mlali.

Kijana, Ifakara: Mhariri mambo, nina diploma, nimekaa nyumbani. Bonde letu lina mpunga wa kumwaga ila unaondoka na malori. Nataka kuanzisha mashine ndogo ya kukoboa na kufungasha, mtaji sina. Mnanishauri nini?

Poa mdogo wangu. Wazo lako ni zuri ila kwanza pita kwenye mashine zilizopo uone zinafanya kazi masaa mangapi kwa siku, huenda ukakuta zimelala nusu ya mwaka na kinachokosekana ni kupanga daraja, kutoa mawe, kufungasha na kutafuta wateja. Kama ni hivyo usinunue mashine, kodi muda kwenye ya mtu, wekeza kwenye chujio, mzani na mifuko. Kumbuka mpunga ukikobolewa Ifakara, chenga zinabaki, pumba laini inabaki kwa wafuga kuku, pumba ngumu inabaki kwa mkaa mbadala na matofali. Ukiondoka na lori vyote hivyo vimeondoka.

Mtaji, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, inakopeshwa bila riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Jiungeni kikundi halisi cha watu mnaoaminiana, sio cha kukutana kwenye fomu tu, fungueni akaunti, andikeni hesabu kuanzia siku ya kwanza hata kama ni ya kuuza kilo kumi. Vikundi vingi vinaanguka kwenye kurejesha kwa sababu mkopo uligawanywa mkononi.

Alafu wakulima utakaonunua kwao waulize kama wanajua kilimo shadidi cha mpunga. Mche mmoja mmoja, mdogo, kwa nafasi, na shamba haliachwi limejaa maji muda wote. SUA waliujaribu kwenye skimu ya Mkindo kule Mvomero, unatumia maji kidogo na mbegu kidogo na mavuno yanapanda. Bonde la Kilombero maji yake yanagombewa na wengi, mchele uliolimwa kwa maji kidogo una habari ya kusema kwenye mfuko wako.

Msomaji wa Murang'a, Kenya: Huku kaunti yetu imeshapitisha sera ya agroekolojia, kilimo kinachofuata asili. Kwenu Tanzania mkoa unaweza kufanya hivyo?

Hongereni, Murang'a ilikuwa ya kwanza huko Kenya na sera yenu ya 2022 nimeiona inatajwa sana. Kwetu mkoa hautungi sheria, ila halmashauri za wilaya zinatunga sheria ndogo, ushuru wa mazao uko mikononi mwao na masoko ni yao. Tanzania nzima tuna mkakati wa kilimo hai ikolojia uliozinduliwa Novemba 2023, unaenda hadi 2030. Mkakati upo wa kutosha, kazi iliyobaki ni diwani wa kata fulani kukubali kwamba kituo cha kukusanyia mazao kina umuhimu sawa na stendi.

Msomaji wa Mburahati, Dar: Morogoro ikishika chakula chake, sisi tutakula nini? Nyanya zitapanda.

Hakuna anaetaka kufunga barabara ndugu yangu. Morogoro haiwezi kumaliza nyanya zake, na Dar haiwezi kulima za kuitosha. Kitakachobadilika ni namna zinavyokuja. Zikija kwenye kreti ya plastiki badala ya tenga linaloponda za chini, zikipimwa kwa kilo, zinafika nyingi zaidi zikiwa nzima, na nyanya isiyooza njiani haina haja ya kulipiwa na wewe. Nyie nanyi mna deni moja, maganda na mboga zilizooza za masoko yenu yote. Kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kinaonyesha takataka za soko zinageuka mbolea. Fuso linaloleta nyanya likirudi Mlali na mboji badala ya kurudi tupu, hesabu ya wote inakaa vizuri.

Msomaji wa Dumila: Mahindi yangu yana ukungu kidogo, naweza kusaga chakula cha kuku ili nisipate hasara?

Hapana. Huo ukungu unaweza kuwa na sumukuvu, haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupika, na kuku na ng'ombe wakila inaweza kufika kwenye mayai, maini na maziwa. 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Yaliyoota ukungu tenga kabisa, yasiingie ghalani na mazima. Mwakani vuna mapema, anika juu ya turubai sio chini kwenye udongo, na kabla ya kufunga gunia chukua chupa kavu ya glasi, weka mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa vizuri, uiache itulie. Chumvi ikishika pembeni ya chupa bado yana maji, rudisha juani. Ikibaki chini imetawanyika kama ulivyoiweka, funga.